Namna ya kumsoma Schopenhauer kuhusu ndoa na vitabu

Usianze na kitabu kikuu cha Arthur Schopenhauer, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19. Utachoka kabla hujaifikia ndoa. Anza na juzuu ya pili ya Parerga und Paralipomena, mkusanyo wa insha zake wa mwaka 1851, sura ya 24, inayohusu kusoma na vitabu. Ni fupi, kikao kimoja kinatosha. Ukimaliza, irudie hapohapo. Ndivyo anavyotaka mwenyewe: kitabu cha maana kisomwe mara mbili papo kwa papo, kwa sababu mwanzo huuelewi vizuri mpaka uujue mwisho.

Kisha soma sura ya 23, juu ya uandishi. Humo anatenganisha anayeandika kwa kuwa ana jambo la kusema na anayeandika kwa kuwa anahitaji fedha. Shika penseli, utie alama kila swali hili linapojitokeza: hiki kinafanywa kwa faida ya nani? Utalihitaji tena kwenye ndoa.

Wengi wanaotafuta habari za ndoa hukimbilia sura ya 27, ile ya wanawake, na hapo ndipo wanapoteleza. Matusi ni mengi, hoja chache. Ndimo inamonyofolewa kauli kwamba ukioa, haki zako zinakatwa nusu na wajibu unakuwa maradufu. Irudishe mahali pake: sentensi yenyewe inazungumzia nchi za mke mmoja tu. Anazishambulia sheria za ndoa za Ulaya, na papo hapo anatetea ndoa ya wake wengi. Ukiikata kichwa, unabaki na mzaha wa ukumbini.

Hoja yenyewe iko sura ya 44, juzuu ya pili ya Die Welt als Wille und Vorstellung (Ulimwengu kama Utashi na Taswira), kile kitabu chake kikuu; juzuu hiyo iliongezwa mwaka 1844. Wapenzi hudhani wanajichagulia wenyewe, kumbe Utashi, yaani msukumo kipofu wa kuishi, unamtengeneza mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kwa nini mwanamume mfupi avutiwe na mwanamke mrefu? Ili kasoro zisawazike kwa mtoto, anajibu. Shauku ikishatimia, hadaa inakwisha, na wawili wanabaki wakitazamana. Mifano yake ya vimo na mapua usiichukulie kama sayansi. Hadaa yenyewe ndiyo ya kufikiria.

Unaposoma, gawa ukurasa wa daftari safu mbili: kushoto hoja kwa maneno yako, kulia kejeli. Kejeli isiyo na mwenzake kushoto, ipite. Sura ya 27 itajaza kulia na kuacha kushoto karibu kutupu. Ya 44 itafanya kinyume.

Kuna na wale wanaomaliza kila kitu kwa maisha yake: hakuoa, na aligombana na mama yake Johanna, mwandishi wa riwaya, hata baada ya 1814 hawakuonana tena. Ni kweli. Ila yaandike safu ya kulia. Yanaeleza hasira ilikotoka, hoja hayaigusi.