Jinsi ya kupima kama mtaji kweli unavuka mpaka, ama akiba inabaki nyumbani

Chukua chama cha kina mama wa Kibuye hapa Kisumu. Kama hawana pengine pa kukopa, mikopo yao itafuata michango, wakichanga kidogo wanakopeshana kidogo, lakini wakifunguliwa mlango na sacco, mikopo na michango zinaachana. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1980 wanauchumi Martin Feldstein na Charles Horioka walipima nchi 16 tajiri, data ya 1960 hadi 1974, wakakuta akiba ikiongezeka kwa shilingi moja, karibu senti 89 zinawekezwa hapo hapo nyumbani. Mtaji ungekuwa unatembea huru, ingekuwa karibu sifuri.

Sasa pima mwenyewe, kompyuta ya saiba inatosha. Data ya Benki ya Dunia ni ya bure, shusha akiba na uwekezaji kama asilimia ya pato, za nchi nyingi, sio Kenya pekee. Na hapa ndio watu wanaharibu kabisa, ju kuna akiba mbili. Akiba ya ndani ni pato la ndani ukitoa matumizi, basi. Akiba ya taifa inahesabu pia mapato ya kutoka nje na pesa ambazo ndugu zetu wanatuma, na huku magharibi kuna boma ngapi zinasimama kwa hela ya mtu aliye Marekani ama Qatar, ukichukua ile ya ndani umewafuta wote hao. Chukua ya taifa. Kuhakikisha, toa uwekezaji kwa akiba, jibu likaribiane na salio la malipo ya kawaida na nchi za nje (current account), likikataa umeshusha safu isiyo yake.

Fanya wastani wa miaka kama kumi kwa kila nchi, halafu kwenye Excel andika SLOPE, fomula inayoonyesha uwekezaji unapanda kiasi gani akiba ikipanda moja; weka uwekezaji kwanza, akiba baadaye.

Ukipata 0.8 usikimbilie kusema mtaji umefungiwa, maana uchumi ukinoga watu wanaweka na kuwekeza kwa pamoja. Na nchi maskini zikitoa namba ndogo, mara nyingi ni misaada na mikopo inajaza pengo. Kenya tulifuta sheria ya kudhibiti fedha za kigeni 1995, 2014 tukauza Eurobond ya kwanza, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wakopeshaji wa nje, ya dola bilioni 2, na ilipokaribia kuiva 2024 tukakopa nyingine bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Mlango uko wazi ila kiingilio ni ghali, kwa hivyo ongeza safu ya riba ambayo kila nchi inakopea nje, uisome kando ya akiba kabla hujaamua chochote.