Sululu na kitwitwi: kufundisha sayansi na kuandika kwa pamoja, darasa la tatu

Walimu wenzangu, mmeniuliza hapa Bagamoyo nafundishaje ndege bila kutenga kipindi cha sayansi na cha Kiswahili. Nafanya hivi.

1. Chagua siku ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa mbali kwenye saa nne asubuhi, na ndege hutapakaa kwenye tope. Siku za maji mafu, yasiyopwa mbali, utapata shida.

2. Macho kabla ya kalamu. Dakika kumi hakuna daftari. Watoto wakae wawili wawili, kimya, kila jozi na ndege wake: anakula nini, anakipataje, miguu yake ikoje? Kitwitwi, ndege mdogo wa pwani mwenye mdomo mfupi, hukimbia, husimama ghafla, hudonoa juu ya mchanga. Sululu, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, hatembei kwa pupa. Safari iliyopita tulimwona akizamisha mdomo wote shimoni, akamtoa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, ndipo akammeza. Watoto wangu walikuwa wameshika pumzi. Hapo ndipo mtoto anapopata kitu cha kuandika.

3. Darasani, beseni la mchanga mbichi. Choroko juu, maharage chini kabisa. Hicho ndicho chakula. Kundi moja lina vibanio vya nguo, yaani mdomo wa kitwitwi, jingine vijiti viwili virefu, yaani mdomo wa sululu. Sekunde 30, hesabuni, jazeni jedwali ubaoni. Kibanio hushinda juu, lakini chini hakifiki.

4. Sentensi. Wape kiunzi: "… ana …, kwa hiyo …" Usiwaandikie mfano ubaoni, wataunakili wote.

5. Vitendawili. Azima sululu ya fundi ujenzi, uiinue mbele ya darasa, uulize kwa nini chombo na ndege vina jina moja. Kisha kila mtoto atege chake. Mmoja alitega: "Jembe langu liko usoni."

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Niko Korogwe, pwani ni mbali.*

Marahaba. Anza na kuku na bata wa jirani: bata ana utando katikati ya vidole, kuku ana kucha za kuchakura. Kisha mnana, mdomo mfupi mnene wa kuvunja mbegu, na chozi anayefyonza maua.

*Mtoto ameandika: "Sululu alirefusha mdomo ili amfikie kaa." Nimpe vema?*

Hapana, ila usimkate kwa wino mwekundu ukaondoka. Hakuna sululu aliyevuta mdomo wake ukarefuka. Katika mababu zake, waliozaliwa na mdomo mrefu kidogo walipata chakula zaidi, wakazaa zaidi, watoto wakarithi. Ni vizazi vingi mno. Kosa lake liko kwenye "alirefusha" na "ili". Kaa naye, mwulize: "Ulimwona akiurefusha?" Ataandika mwenyewe: "Sululu ana mdomo mrefu, kwa hiyo humfikia kaa." Kwangu hili ndilo zito kuliko yote katika somo.

*Nina watoto 80. Nawatoaje?*

Nusu kwa nusu, siku mbili za bamvua ile ile. Waliobaki wafanye beseni na mwalimu mwenzako.

*Na ambaye bado hajui kuandika?*

Achore ndege wake, akusimulie, nawe uandike maneno yake yale yale chini ya mchoro. Kesho ayasome kwa kidole. Atayajua, maana ni yake.