Namna ya Kupiga Picha za Maisha Halisi ya Wanamuziki wa Kantri na Mashabiki Wao

Kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu 1943 hadi 1974, onyesho la redio la muziki wa kantri liitwalo Grand Ole Opry lilirushwa kutoka ukumbi wa Ryman mjini Nashville, Marekani, jengo la matofali lililofunguliwa 1892 kama nyumba ya ibada na ambalo hadi leo wasikilizaji wake huketi kwenye mabenchi ya mbao kama ya kanisani. Humo ulizoeleka utaratibu ambao kumbi nyingi za muziki zisingeuruhusu: shabiki aliinuka benchini katikati ya wimbo, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akapiga picha yake moja au mbili kwa flashi, kisha akarudi kukaa ili na mwenzake apate nafasi, naye mwimbaji akaendelea kuimba huku akimtazama. Anayetaka kupiga picha za maisha halisi ya muziki wa kantri ni lazima aanze kwa kuuelewa mwendo huo mfupi kutoka benchini hadi jukwaani, kwa sababu muziki huu umejengwa juu ya imani ya shabiki kwamba mwimbaji ni mtu wa kwao, anayeweza kusogelewa na kusalimiwa kwa mkono. Picha ya mwimbaji peke yake, hata ikiwa nzuri kiasi gani, inaacha nusu ya habari nje.

Yupo mtu wa kujifunza kwake. Henry Horenstein alisomea historia kabla ya kushika kamera, na katika miaka ya 1970 alizunguka Nashville na majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani akipiga picha za waimbaji, baa zao, viwanja vya muziki vya vijijini, na watu waliokwenda kuwasikiliza. Alimpiga picha Dolly Parton akiwa bado kijana, mwaka 1972 huko Boston, lakini kwa uangalifu uleule alimpiga picha mnywaji asiyejulikana aliyeketi katika baa ya Tootsie's, ambayo mlango wake wa nyuma unatazamana na ukumbi wa Ryman ng'ambo ya kichochoro. Ninachokithamini kwake ni usawa huo. Hakumfanya shabiki kuwa pambo la nyuma ya nyota. Upande wa pili yupo Les Leverett, mpiga picha rasmi wa Opry tangu 1960 hadi 1992, ambaye alifika alikofika kwa kukaa: waimbaji walimzoea nyuma ya jukwaa kiasi kwamba kamera yake haikuwafanya wabadilike. Hizo ndizo njia mbili zilizopo, ya mtu anayekuja na kuondoka na ya mtu anayebaki, na kama hali inakuruhusu, nakusihi uchague ya pili hata kwa miezi michache.

Chagua ukumbi mmoja, wala usianze na tamasha kubwa. Katika mtaa wa Broadway wa Nashville bendi hupokezana jukwaani tangu mchana hadi usiku wa manane, na wanamuziki wengi hutegemea sana bakshishi inayotiwa kwenye ndoo au chupa iliyowekwa mbele yao. Nenda mara ya kwanza bila kamera. Tia pesa kwenye ndoo, kaa, angalia taa ziko wapi, mwimbaji hugeukia upande gani anapozungumza na watu, mhudumu hupita njia gani na sinia lake, na ni akina nani wanaorudi kila juma na kukaa kiti kilekile. Hao wanaorudi ndio watakaokubeba. Mara ya pili nenda na kamera begani, jitambulishe kwa mwenye ukumbi na kwa kiongozi wa bendi, na ueleze kwa maneno mafupi picha hizo zitakwenda wapi. Kusini mwa Marekani adabu ya kumwita mtu mzima “sir” au “ma'am” bado ina uzito, kama vile kwetu usivyomwendea mtu wa makamo na ombi kabla hujamwamkia.

Kuhusu ruhusa, usichanganye mambo. Nchini Marekani sheria kwa kawaida inakuruhusu kupiga picha mahali pa wazi kama barabarani, lakini baa ni mali ya mtu, na mwenyewe akikataa mazungumzo yameisha. Tamasha kubwa huhitaji kibali kinachotolewa kabla ya siku yenyewe, na mara nyingi utaruhusiwa kupiga picha katika nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi. Ukipewa mkataba wa kutia saini, usome wote, kwa maana ipo mikataba inayodai haki ya picha zako. Picha itakayotumika kwenye tangazo la biashara itahitaji idhini ya maandishi ya anayeonekana. Ukifanya kazi hii Kenya, ifahamu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtoto hapigwi picha kabla mzazi hajaulizwa. Na mtu aliyelewa hawezi kukupa idhini ya kweli, hata akikukumbatia na kukuambia upige unavyotaka.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Kamera moja isiyoogopa giza, lenzi ya milimita 35 na nyingine ya milimita 85, zote zenye mwanya wa kupitishia mwanga wa f/2 au mpana zaidi, zinatosha kazi ya mwaka mzima. Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ya sekunde 1/125 kwa mwimbaji aliyesimama na 1/250 kwa mpiga fidla, kwa sababu mkono unaovuta upinde hausubiri, kisha ipandishe ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 3200 au 6400 bila hofu. Picha yenye chenga kidogo inasomeka. Picha iliyotikisika usoni haina msaada. Hifadhi faili ghafi (RAW), kwa kuwa taa za LED za zambarau na nyekundu huunguza rangi moja na kuifuta ngozi ya mtu kabisa, na faili ghafi pekee ndiyo itakayokupa nafasi ya kurekebisha. Jihadhari pia na shata ya kimyakimya, ile ya kielektroniki isiyotoa mlio. Inavutia mno katika ukumbi kama Bluebird Cafe, uliofunguliwa 1982, wenye viti visivyofika mia na wasikilizaji wanaotaka utulivu kamili, lakini chini ya baadhi ya taa za LED huchora mistari ya giza inayokata picha. Piga picha ya majaribio ukutani kabla onyesho halijaanza.

Tatizo ambalo wapiga picha wa aina nyingine za muziki hawalijui ni kofia. Taa za jukwaani hutoka juu, ukingo wa kofia ya kauboi ni mpana, na matokeo yake ni uso uliofunikwa na kivuli kuanzia paji hadi mdomoni, huku utepe wa kofia na vito vya kioo vya koti vikiwa vimeungua kwa mwanga. Usiwashe flashi. Piga magoti karibu na jukwaa, upande ule ambao gitaa lake linaelekea, kwa sababu gitaa lenye uso wa mbao nyepesi hurudisha mwanga kidogo kidevuni, kisha subiri. Waimbaji wengi huinua kidevu wanapovuta noti ndefu mwishoni mwa mstari, na kwa muda usiozidi sekunde mbili mwanga huingia chini ya ukingo wa kofia na kufika machoni. Ukishausikia wimbo mara moja utajua mahali hapo panakuja lini. Pima mwanga kwa ngozi ya shavu, wala usipime kwa koti. Mpiga gitaa la chuma lenye kanyagio (pedal steel), yeye huketi na kuinama juu ya nyuzi usiku kucha, kwa hiyo mfuate ubavuni, kimo cha kifua chake, ili miguu inayosukuma kanyagio na mkono wa kushoto wenye kipande cha chuma vionekane katika fremu moja.

Sasa geuka ulipe jukwaa kisogo. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu nyota ana mwanga na shabiki yuko gizani, na mkono unaozoea kufuata mwanga unarudi jukwaani wenyewe. Simama pembeni mwa jukwaa wimbo unaojulikana unapoanza, elekeza kamera ukumbini, na usibonyeze kwenye kelele ya kwanza ya kushangilia. Ngoja ubeti wa pili, watu wanapokuwa wamejisahau na kuimba kila mtu kwa namna yake, mwingine macho yamefumba, mwingine akimwimbia mwenzi wake maneno yote bila kukosea. Wanapocheza wawili wawili, wachezaji wa kantri kwa desturi huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo shika kona moja na watakujia wenyewe, jozi baada ya jozi. Shusha shata hadi 1/30, wafuate kwa kamera, na sura zitabaki huku ukumbi ukipita nyuma yao.

Foleni ya kutiwa saini ni mahali pengine ambapo sitaki upite haraka. Tangu 1972 Nashville ina tamasha la mashabiki, lililoanza kwa jina la Fan Fair na sasa likijulikana kama CMA Fest, ambalo lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuwakutanisha waimbaji na wapenzi wao uso kwa uso. Mwaka 1996 mwimbaji Garth Brooks alikaa humo akitia saini kwa saa 23 mfululizo. Katika foleni ya aina hiyo, mpiga picha wa magazeti husimama mbele ya nyota. Wewe simama nyuma ya bega la nyota, ili shabiki ndiye akutazame. Utaona vitu alivyobeba kifuani: jalada la sahani ya santuri lililochakaa kingo, picha ya marehemu mama yake akiwa na mwimbaji huyohuyo. Piga picha ya mikono inayokabidhi kitu hicho, halafu uso, kisha mikono inayokipokea tena.

Chunga pia ni nani unayemwona na nani unayemruka. Banjo ina asili yake katika ala za Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani, DeFord Bailey, Mmarekani mweusi, alipuliza kinanda cha mdomo katika Opry tangu miaka yake ya mwanzo hadi 1941, na mwimbaji Charley Pride, naye Mmarekani mweusi, aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri mwaka 2000. Ukirudi nyumbani na picha za ukumbi zinazoonyesha watu wa aina moja tu, chunguza kama ukumbi ndio uliokuwa hivyo au ni jicho lako.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki si lazima upande ndege. Kenya ina wapenzi wa kantri waliokua wakimsikiliza Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, ina waimbaji wake, akiwemo Elvis Otieno anayejulikana kama Sir Elvis, na mashabiki huja ukumbini na kofia na mabuti yao. Nakuonya kwa dhati dhidi ya jambo moja: usiwafanye kichekesho. Ni rahisi kumpiga picha mzee wa Nairobi mwenye kofia ya kauboi kana kwamba amevaa nguo za sherehe ya watoto, na wapiga picha wageni wamewahi kuishia hapo. Mwamkie, keti naye, muulize aliusikia wimbo gani kwanza na alikuwa nyumbani kwa nani. Baada ya jibu lake hutampiga tena picha ileile uliyokuwa umeikusudia.

Katika ukumbi mmoja wa Nairobi niliona mzee akiandika ombi la wimbo kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari, akaikunja mara nne na kumpa mhudumu aipeleke jukwaani. Mwimbaji aliifungua kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia shingo ya gitaa, akasoma, akatabasamu. Nilimpiga picha mwimbaji. Nilipogeuka kumtafuta mzee, wimbo wake ulikuwa umeshaanza, naye alikuwa amejifunika uso kwa viganja, na watu waliosimama mbele yangu walinizuia kumfikia. Picha ninayo hadi leo na sijawahi kuichapisha, kwa sababu haisemi karatasi ile ilitoka kwa nani. Tangu siku hiyo nikiona karatasi inaandikwa, naanza na mkono unaoandika, naifuata kupitia kwa mhudumu, na nafika jukwaani mwisho.

Maelezo ya picha yaandikwe usiku huohuo. Mwombe mtu aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari lako ili usikosee herufi, kisha ongeza mji anakotoka, tarehe, ukumbi na wimbo uliokuwa ukiimbwa. Weka nakala mbili za faili katika nyumba mbili tofauti. Unapochagua, mwekee shabiki kipimo kilekile unachomwekea nyota: picha ya mwimbaji akiwa amekunja mdomo vibaya ungeitupa, basi itupe na ya shabiki. Chapisha picha ndogo za karatasi, hata kumi tu, uzirudishe ukumbini katika bahasha zenye majina. Mpe kila mtu yake mkononi, na kwa asiyekuwepo siku hiyo mwachie mhudumu, kwa maana yeye ndiye anayejua atarudi lini na atakaa kiti kipi.