Tisheti kubwa ya zamani, mkasi, na kitopu cha kuvaa msimu huu wa joto

Kuanzia Desemba mpaka Machi hapa Dar mnajua wenyewe, kaskazi inavuma huko baharini lakini ndani ya nyumba nguo inakuganda mgongoni hata saa nne haijafika. Afu ukifungua kabati unakuta matisheti ya shughuli, ya kampeni, ya mitumba ya Karume uliyochagua kwa sababu ya rangi tu, makubwaaa, yamekaa. Leo nataka tutoe kitopu kimoja cha bila mikono, cha kuvuta kamba mabegani, na niseme mapema kabisa kwamba kazi yenyewe iko kwenye kukata na kwenye jinsi unavyoshika kitambaa, kushona ni mistari michache tu.

Tafuta tisheti ya kiume, XL au zaidi, ya kotoni. Zile zilizofuliwa mpaka zimelainika ndo tamu zaidi kwa joto ila inua kwenye mwanga uangalie, ukiona vitundu vidogo kama vya nondo achana nayo. Kama lebo imekatwa na hujui ni kotoni au la, chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome na kiberiti: kotoni inaungua kama karatasi na majivu yake yanasagika ukiyagusa, poliesta inayeyuka inajikunja inakuwa kijidonge kigumu cheusi. Nyingi za kampeni zina poliesta, hizo utavaa lakini utatoka jasho ndani yake. Na ukitumia ya kampeni angalia picha imekaa wapi, tutakata juu ya kifua, mgombea anaweza kubaki kidevu peke yake 😂 kwa hiyo geuza, mgongo uwe mbele.

Ifue, ipige pasi, ilaze chini vizuri. Usiguse pindo la chini!! Lile lilishashonwa kiwandani kwa mashine ambayo wewe huna, linavutika bila kukatika, liache lilivyo liwe pindo la kitopu chako.

Kata mikono yote miwili kwa kufuata mshono wake, mikono usitupe. Halafu shingo, piga mstari ulionyooka kutoka upande mpaka upande, inchi moja chini ya ile ribu (ule ukanda mnene unaovutika) ya shingo ya mbele, kata mbele na nyuma pamoja. Kuchora tumia kipande chembamba cha sabuni iliyokauka kama mafundi wanavyofanya, kinatoka kwenye maji, peni haitoki.

Sasa ubavu. Watu wengi hukimbilia kukata kwapa kwanza, mimi nasema punguza ubavu kwanza maana ukishapunguza kwapa nalo linahama. Jipime kifua kwa futi, ongeza inchi 2 za kupumulia. Tuseme kifua chako ni 36, basi unataka 38, na tisheti kuizunguka yote ni 44, maana yake kuna 6 za kutoa, 3 kila upande, na kwa sababu kitambaa kimelala mara mbili unashona inchi moja na nusu kutoka ukingoni kwenda ndani. Geuza tisheti nje ndani, bana na pini, ivae hivohivo ukae na uinue mikono juu, ukiona sawa ndo upeleke kwenye cherehani. Tisheti nyingi za bei rahisi hazina mshono wa ubavuni kabisa, zimefumwa duara, kwa hiyo usishangae kutouona.

Kwenye kushona, hapa sasa tuongee vizuri. Kitambaa cha tisheti kinavutika, uzi wa mshono ulionyooka hauvutiki, ndo maana unavaa mara moja unasikia tap tap tap uzi umekatika kiunoni. Kama cherehani yako ina zigizaga, ule mshono wa kwenda kushoto kulia, tumia hiyo, nyembamba, umemaliza. Kama ni ile nyeusi ya kukanyaga inayokwenda mbele tu, wala usiogope, refusha mshono kidogo, tumia uzi wa poliesta, na wakati inashona shika kitambaa mkono mmoja mbele mmoja nyuma ukivute kidogo sana, kidogo yaani kama unanyoosha mkunjo tu, ukivuta kwa nguvu kinatoka na mawimbi. Mawimbi yakitokea kidogo pasi yenye mvuke huyarudisha. Sindano omba dukani ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 11 au 14, ile yenye ncha kali inatoboa nyuzi za kitambaa na unapata mishono ya kurukaruka. Mashine ikiwa inameza kitambaa weka kipande cha gazeti chini, shona juu yake, ukimaliza chana gazeti. Na asiye na cherehani ashone kwa mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani kila hatua sindano inarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, unavutika kuliko ule wa kwenda mbele tu.

Ubavu ukikaa, kata ziada ubakize nusu inchi. Kunja tisheti katikati, ubavu juu ya ubavu, pale juu pima inchi 6 kutoka kwenye mkunjo uweke alama, kisha chora mpindo kutoka hapo ushuke mpaka kwapani. Kata tabaka zote nne pamoja ili pande zifanane. Kingo za kwapa pinda robo inchi ushone, au ziache, kitambaa hiki hakichomoki nyuzi, kitajikunja chenyewe na mimi napenda hivyo zaidi. Ukiamua kupinda maliza kwapa kabla ya kwenda juu. Juu, mbele na nyuma, pinda inchi moja kwenda ndani ushone karibu na ukingo, hiyo ndo njia ya kamba.

Kamba inatoka kwenye ule mkono uliokata. Toa pindo lake, afu anza kukata utepe wa inchi moja ukizunguka mkono bila kuachia, kama unavyomenya chungwa ganda lisikatike, mpaka upate kama inchi 60. Utepe ukipita kwenye mshono wa mkono piga sindano mbili tatu hapo usije ukaachia. Halafu vuta utepe wote kwa nguvu, utauona unajiviringisha unakuwa kamba ya duara, hakuna cha kushona.

Funga pini kwenye ncha, ingizia bega la kushoto, pitisha mbele, tokea kulia, rudi na njia ya nyuma mpaka kushoto tena, funga ua. Bega la kulia halina fundo, rekebisha urefu kwa kuvuta tu, na marinda ya kifuani yasambaze kwa vidole. Shosti anayetaka kiwe kifupi asikate chini, avute kamba apandishe au akifunge fundo kiunoni.

Kwenye kufua usikianike kwa kamba zake, kikiwa na maji kinakuwa kizito na kamba zitarefuka mpaka kitopu kishuke kifuani, kikunje katikati ukitupie juu ya waya, kivulini kama rangi ni ya kung'aa.