Lagastromia Nyumbani: Kuchagua, Kupanda na Kupogoa Bila Kukata Kilele

Ukipita mitaa ya makazi ya Dallas, Houston au Atlanta mwezi wa Julai, jua limechoma nyasi na maua mengi yameshakoma, mti unaoendelea kuchanua ni lagastromia. Vitaluni huandikwa Lagerstroemia, na asili yake ni Asia. Huchanua miezi mitatu hivi. Kabla ya kupukutika, majani hugeuka ya manjano, ya chungwa au mekundu. Baridi ikiingia linabaki gome, ambalo katika aina nyingi hubanduka vipande vipande na kuacha shina laini la rangi ya mdalasini. Shina hilo ni nusu ya uzuri wa mti, na ndilo linaloharibiwa kila mwaka kwa msumeno.

Miezi inayotajwa hapa ni ya kusini mwa Marekani. Anayepanda Nairobi au Arusha afanye kazi ya kupogoa mwishoni mwa Februari, masika yakikaribia, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Hatua ya 1: Chagua kimo kwanza, rangi baadaye

Lagastromia nyingi zinazokatwa ovyo zilipandwa mahali padogo kuliko kimo chake. Mti unafika dirishani, mwenye nyumba anaufyeka, unarudi kwa nguvu zaidi, anaufyeka tena. Dawa ni kununua kimo kinachofaa tangu mwanzo.

Mti wa aina ya Natchez, wenye maua meupe, hufika mita 6 hadi 9. Muskogee, wa zambarau hafifu, nao ni mrefu. Miti hii ipandwe mita 4 au 5 kutoka ukutani, na isiwe chini ya nyaya za umeme. Acoma (mweupe) na Zuni (zambarau) huishia karibu mita 3, vinatosha kando ya baraza. Pocomoke haufiki mita moja, na hata chunguni unakaa vizuri. Aina hizi zote zilitoka katika kituo cha taifa cha utafiti wa miti huko Washington, ambako mtafiti Donald Egolf alichanganya lagastromia ya kawaida na Lagerstroemia fauriei wa Japani. Mzazi huyo wa Kijapani ndiye aliyeleta kinga dhidi ya ubwiriunga (ukungu mweupe wa majani) pamoja na gome zuri.

Ukitaka uhakika wa rangi, nunua mti ukiwa na maua. Kibandiko huweza kukosewa kitaluni.

Hatua ya 2: Mahali

Jua kali kwa muda wa saa 6 kila siku au zaidi. Hakuna mbadala. Kivulini mti hurefuka, maua huwa haba na ukungu hushamiri.

Hatua ya 3: Kupanda

Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi, mti ukiwa umelala.

Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya chungu, lakini kina kisizidi kimo cha bonge la mizizi. Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa kisu kutoka juu hadi chini, sehemu tatu au nne. Usipofanya hivyo itaendelea kuzunguka hata ardhini. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, bonge lisimame sentimita 3 hadi 5 juu ya usawa wa ardhi. Rudishia udongo uleule uliochimbwa. Kuchanganya mboji shimoni kunaonekana ni wema, ila ndani ya mfinyanzi shimo hilo hugeuka karai la maji na mizizi huoza.

Tandaza vipande vya magome au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Hatua ya 4: Maji na mbolea

Mti wa chungu cha lita 20 upewe takriban lita 20 za maji polepole, mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki inatosha kama mvua haipo. Baada ya hapo huvumilia ukame.

Mbolea iwe kidogo, mara moja mwanzo wa machipuko. Angalia pia ile unayoiwekea mimea ya jirani: mbolea ya nyasi ina nitrojeni nyingi, na mizizi ya mti huifikia. Matokeo ni majani tele na maua ya kuhesabu.

Hatua ya 5: Kupogoa

Subiri hadi Februari, vichipukizi havijafunguka. Ukikata vuli, kabla ya baridi, mti unaweza kuchipua upya na machipukizi hayo laini yakauawa na baridi.

Chukua mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo, kisha fuata mpangilio huu. Ondoa matawi makavu. Kata maotea yote yanayotoka chini ya shina. Kwenye mti mchanga bakiza mashina matatu hadi matano yanayotanuka kwenda nje. Matawi yanayosuguana, ondoa moja. Yanayoelekea ndani, ondoa. Mti ukishakua, pandisha matawi ya chini taratibu hadi theluthi ya kimo ili shina lionekane. Kila mkato uishie kwenye tawi lingine au shinani, usiache kisiki.

Tawi la juu lililozidi unene wa kidole gumba liache. Vikonyo vya mbegu havidhuru chochote; vinakatwa kwa kupendezesha tu.

Mti uliokatwa kilele hutoa fimbo ndefu kutoka mahali pamoja. Zimeshikilia kidogo tu, na maua yakilowa mvua hupinda au kuvunjika. Mwaka hadi mwaka panatokea nundu nene isiyofichika wakati wa baridi.

Ukiukuta umeshaharibiwa, una njia mbili. Kwenye kila nundu bakiza fimbo mbili au tatu imara zinazotazama nje, toa nyingine, na urudie baridi mbili tatu zinazofuata. Au ukate wote karibu na ardhi Februari, kisha katika machipukizi mengi yatakayoota uchague matano. Njia ya pili inatisha, lakini kwa mti wenye nundu nyingi ndiyo inayorudisha umbo safi, kwa kuwa mizizi mizee husukuma machipukizi kwa kasi.

Yanayoharibika

Unga mweupe kwenye majani machanga ni ubwiriunga: punguza matawi ya ndani hewa ipite, au badilisha aina.

Majani yenye masizi meusi yana vidukari juu yake. Hutoa utomvu mtamu, na kuvu jeusi humea hapo. Warushie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani.

Masizi kwenye shina, pamoja na madoa meupe yanayotoa maji ya waridi yakipondwa, ni wadudu magamba walioonekana mara ya kwanza Marekani huko Richardson, Texas, mwaka 2004. Wakati wa baridi sugua shina kwa brashi laini na maji yenye sabuni kidogo ya vyombo. Dawa ya imidacloprid inayomwagwa mizizini huwaua, lakini hufika pia kwenye chavua, na nyuki hutembelea sana maua haya. Iwe ya mwisho. Ukiona vibuu vya kombamwezi (mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoadoa) kwenye shina, waache, kwani wanawala wadudu hao.