Grinihausi ya kujenga kwa miti nyuma ya nyumba: anza na hewa, nailoni baadae

Watu wakisikia grinihausi (banda la nailoni la kupandia mboga) wanawaza joto, maana huko Ulaya inajengwa kutunza joto. Sisi joto tunalo la kumwaga, labda uwe Njombe au Lushoto mwezi wa saba, kwa hiyo huku kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia mvua isilowanishe majani ya nyanya (majani yakilowa muda mrefu ndo ugonjwa wa baka chelewa unaingia) na kuzuia wadudu, hasa kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Kwa hiyo nailoni inakaa juu tu, pembeni kote weka neti ya wadudu. Ukizungushia nailoni mpaka chini unakuwa umejenga oveni, na nyanya ikizidi nyuzi 35 maua yanadondoka tu hata uweke mbolea gani.

Kwa familia mita 4 kwa 6 inatosha sana. Tumia mirunda ya mkaratusi au mianzi iliyokomaa, ile sehemu inayoingia ardhini ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa, shimo lisipungue sentimita 60 maana upepo ukiingia chini ya paa unainua kila kitu. Ukuta uwe mita 2 au zaidi, katikati mita 3, alafu paa usilifunge juu kabisa: upande mmoja uwe juu kuliko mwingine kama nusu mita, huo uwazi uuwekee neti, hewa moto inatokea hapo. Hapa mafundi wengi wanaruka kwa sababu ni kazi, usikubali.

Nailoni nunua ile ya grinihausi kabisa, maikroni 200 yenye kinga ya jua. Ile ya kawaida ya ujenzi ni rahisi ndio lakini jua linaipasua ndani ya miezi tu. Kila mahali inapogusa mti sugua ncha kali na funga vipande vya tyubu ya baiskeli, na kwenye misumari weka tyubu hiyohiyo juu ya nailoni ndo ugonge, haitachanika. Kaza asubuhi kukiwa na jua kidogo nailoni imelainika, kusiwe na upepo. Mlango weka mara mbili, unafunga wa kwanza ndo unafungua wa pili.

Ndani piga matuta matatu ya sentimita 90, njia 60. Pipa la lita 200 liinue mita moja, unga mipira ya dripu (ya kudondoshea maji kwenye mashina), maji yanashuka yenyewe bila pampu. Nyanya chagua zinazotambaa kama Anna F1, zifunge na kamba kwenda juu. Rio Grande na Cal J ni fupi, utapoteza hiyo nafasi yote ya juu uliyoilipia. Na kwa kuwa ndani upepo ni mdogo, kila siku asubuhi umande ukikauka tikisa kamba ili maua yachavuke. Matango je? Nyuki hawaingii kwenye neti, kwa hiyo tafuta mbegu isiyohitaji uchavushaji. Mchicha na sukuma wiki viache nje huko, havina haja ya nailoni ya bei hiyo.

Sasa udongo, na hapa ndo wengi wanalia. Kama hapo palishawahi kulimwa nyanya, viazi mviringo, bilinganya au pilipili na mimea ikanyauka ikiwa bado kijani, usipande ardhini, tumia ndoo zilizotobolewa chini na udongo wa sehemu nyingine uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ukiona mche umenyauka ghafla, kata shina karibu na chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache basi ni mnyauko bakteria na hakuna dawa ya kuutibu. Ng'oa na udongo wake, choma mbali, kisu kioshe na Jik kabla hujagusa mche mwingine.