Jinsi ya kuhuisha leseni ya udereva ukiwa Mtwara, na namna ya kujiandaa kwa picha

Leseni ya udereva ya Tanzania hudumu kwa miaka mitano. Muda huo ulianza kutumika Julai 2019, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo kuurefusha kutoka miaka mitatu na kupandisha ada kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 70,000. Anayehuisha leseni hushughulika na taasisi mbili: Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ambayo hupokea ada na kutoa kadi, na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, ambacho huthibitisha kwamba dereva anazo sifa za daraja analoliomba.

Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kadi yako, nami nakusihi uitazame leo hii. Kuendesha gari au pikipiki kwa leseni iliyokwisha muda ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na hapa kwetu Kusini ipo sababu nyingine ya kuwahi. Minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi Oktoba, na kuanzia hapo malori hupishana usiku na mchana kutoka Tandahimba, Newala na Masasi kuelekea bandarini Mtwara. Dereva ambaye leseni yake inaisha katikati ya msimu hulazimika kuegesha gari wakati ambao wenzake wanapata kipato cha mwaka mzima. Kama kadi yako inaisha kati ya Oktoba na Januari, shughulikia jambo hili mapema, wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua.

Kabla hujalipa nauli ya kwenda mjini, kusanya leseni yako ya zamani, Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA, ambayo ina tarakimu 20 na huanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, pamoja na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ambayo hutolewa bure. Ikiwa leseni ya zamani imepotea, anzia polisi upate hati ya taarifa ya upotevu. Kisha weka nyaraka zote mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Hamisi kwenye leseni, Khamis kwenye kitambulisho cha Taifa na Hamis kwenye cheti cha chuo cha udereva, au akawa ametumia jina la babu katika nyaraka moja na kuliacha katika nyingine. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Kosa likiwa upande wa NIDA, lirekebishwe kwanza katika ofisi ya NIDA ya wilaya. Na kama tofauti iko kwenye cheti, muone wakili akuandalie kiapo cha majina. Kazi hii inachosha, lakini ni afadhali uimalize ukiwa nyumbani kuliko kuambiwa kaunta kwamba urudi Nanyumbu ukaanze upya.

Jambo la pili la kukagua ni madeni ya faini. Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni ambamo unaweza kutafuta faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari au namba ya leseni. Wengi huandikiwa faini, huweka karatasi kwenye kikapu cha pikipiki au chini ya kiti, kisha husahau. Lipa deni hilo kwanza na utunze risiti.

Maombi yenyewe hufanyika kwenye mfumo wa TRA, ambao unaingilika kwa simu yenye intaneti, na asiyeweza kuutumia anaweza kwenda kusaidiwa ofisini. Chagua kuhuisha, wala usichague kuomba leseni mpya, kisha hakikisha madaraja yote uliyokuwa nayo yameorodheshwa. Daraja A na wenzake ni ya pikipiki, D ni ya magari madogo, C na matawi yake ni ya magari ya abiria, na E ni ya magari makubwa. Dereva wa C au E awe na cheti chake cha mafunzo kutoka chuo kinachotambuliwa, kwa mfano Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA, kwa kuwa askari wa usalama barabarani watataka kukiona wakati wa uhakiki. Maombi yakishakubaliwa utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, nawe utalipa kwa simu au kwa wakala wa benki. Usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi kwa ahadi kwamba atakulipia. Ada halali hulipwa kwa namba hiyo pekee.

Baada ya malipo utafika ofisini mwenyewe, kwa sababu alama za vidole, saini na picha huchukuliwa hapohapo. Hakuna haja ya kupita studio kupiga picha za pasipoti.

Kuhusu vidole nina neno. Binamu yangu, dereva wa bodaboda huko Tandahimba, alikuwa ametumia wiki mbili akimsaidia mama yake kubangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka vipande vipande, na kila alipoweka kidole kwenye kioo cha mashine kilikataliwa. Alirudi kwao, akaacha kubangua hadi ngozi ikaota upya, na safari ya pili vidole vikasomeka mara moja. Kwa hiyo ukijua una safari ya leseni, pumzika kubangua siku kadhaa, au vaa glavu, na usiku upake mafuta ya nazi. Asubuhi ya safari osha mikono vizuri uikaushe, kwani kidole chenye mafuta nacho hakisomeki.

Picha nayo inastahili maandalizi, maana ndiyo atakayoitazama kila askari atakayekusimamisha kwa miaka mitano ijayo. Uso mzima uonekane, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Vua kofia, baraghashia, helmeti na miwani ya jua. Mwanamke anayevaa hijabu haimlazimu kuivua, ila aivute nyuma kidogo ili isitupe kivuli mashavuni, na anayevaa nikabu atafunua uso. Si vibaya akiomba kwa heshima ahudumiwe na mwanamke iwapo yupo. Miwani ya macho ikimeta taa, ivue kwa muda huo mfupi. Tazama kamera moja kwa moja, macho wazi, mdomo umefungwa, mabega sawa. Mtu akivaa kanzu au shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, mabega yake hupotea pichani, kwa hiyo nguo ya rangi iliyokolea ni bora zaidi. Usisahau pia joto letu: aliyetoka Masasi kwa pikipiki hufika na vumbi kwenye nyusi na jasho linalong'aa kwenye paji la uso, na mng'ao huo hufuta sura. Beba kitambaa safi, nawa uso, kaa kivulini dakika kumi ndipo uingie. Ukishapigwa, omba kwa upole uione picha kwenye skrini, na kama umefumba macho, omba ipigwe tena kabla haijahifadhiwa.

Siku ya kuchukua kadi, usiondoke kaunta kabla hujasoma jina lako lote, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho na kila herufi ya daraja. Ukikuta E imeachwa au jina limepungua herufi, irudishe kadi papo hapo ukiwa na risiti mkononi.